Uteuzi wa Viongozi wa Juu: Upendeleo wa Makusudi Uandikwe, Usinong'onwe

Hotuba kwa watumishi wa umma na wanafunzi wa sheria, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa wa meza kuu, masheha wetu, walimu, watumishi wenzangu mliopo kazini na mliostaafu kama mimi, na nyinyi vijana wa sheria mliovuka bahari kuja Pemba, nakushukuruni kwa kunialika.

Mada niliyopewa ni upendeleo wa makusudi katika uteuzi wa viongozi wa juu wa umma: mawaziri, makatibu wakuu, majaji, wajumbe wa tume, wenyeviti wa bodi na watendaji wakuu wa mashirika. Je, mwenye mamlaka ya kuteua ana haki ya kutazama jinsia ya mtu, kisiwa alichotoka, chama chake au ulemavu wake, na kumpa nafasi kwa sababu hiyo, au anatakiwa ayafumbie macho yote hayo na atazame sifa za kazi peke yake?

Jawabu langu nitalitoa mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutosha kuandaa hoja zake. Katika Zanzibar, mjadala wa kufanya au kutofanya umekwisha kupitwa na wakati, kwani tunafanya, na tumekuwa tukifanya kwa miaka mingi. Kilichobaki ni namna. Sehemu ya upendeleo wetu imeandikwa katika katiba, ina masharti yake, na mtu anaweza kuisoma, kuihoji na hata kuipeleka mahakamani. Sehemu nyingine, ambayo huenda ndiyo kubwa zaidi, hufanyika kimyakimya, kwa kunong'onezana na kwa kukumbushana mlangoni. Hiyo ya pili naipinga, kwa sababu haina kanuni, haina kikomo, na haimwachii aliyeteuliwa neno la kujitetea nalo pale watu wanapomdharau.

Orodha ya uteuzi inapotoka usiku, na mara nyingi hutoka usiku, asubuhi barza zote kuanzia Jaws Corner pale Mji Mkongwe hadi bandarini Wete huwa zimekwisha kuichambua: huyu Mpemba, huyu wa Kaskazini, huyu kawekwa kwa kuwa ni mwanamke, huyu wa ukoo fulani, huyu wa chama kile. Mara chache sana utasikia mtu akiuliza kwanza kazi yenyewe inataka nini. Siwalaumu wana barza. Wanaziba kwa dhana pengo lililoachwa na serikali iliyotangaza jina bila ya kutangaza sababu.

Niseme kwanza juu ya upendeleo ulioandikwa, maana wapo vijana wanaodhani kuwa fikra hizi zimekuja na wafadhili na semina za hotelini. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaelekeza kwamba Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Muungano na Makamu wake wanafuata kanuni hiyo hiyo. Baraza la Wawakilishi hupeleka wajumbe 5 kwenye Bunge la Muungano. Katika ajira za taasisi za Muungano hutajwa mgao wa asilimia 79 kwa Tanzania Bara na 21 kwa Zanzibar, na wabunge wetu wamesimama mara nyingi kuuliza kama mgao huo unatekelezwa ipasavyo.

Hebu tupime. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, katika taifa la watu zaidi ya milioni 61. Hiyo ni kama asilimia 3. Mimi ni miongoni mwa wanaoutetea mgao wa 21, kwa sababu Muungano wa 1964 ulikuwa wa nchi mbili, na nchi haipimwi kwa idadi ya vichwa peke yake; mdogo asipowekewa nafasi yake kwa maandishi humezwa, hata kama mkubwa hana nia mbaya. Lakini nikishalisema hilo, nimeshaikubali kanuni nzima. Mzanzibari anayedai nafasi 21 katika kila 100 huku akiwa ni watu 3 katika kila 100, kisha akarudi nyumbani akasema viti maalumu vya wanawake ni uonevu kwa wanaume, anapaswa kukaa kitako na kujisikiliza.

Hapa kwetu Visiwani, kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambayo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliikubali, ilifungua njia ya Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na wizara zinagawiwa kwa uwiano wa viti vya vyama Barazani. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar nayo ina wajumbe wanaopendekezwa na upande wa serikali na wengine wanaopendekezwa na upinzani. Tafsiri yake ni kwamba mtu anaweza kuwa mchumi bora kuliko wote visiwani na bado asipewe wizara ya fedha, kwa sababu wizara hiyo imeangukia fungu la chama kisichokuwa chake. Tuliikubali gharama hiyo kwa macho wazi, baada ya kuzika watu waliouawa katika maandamano ya Januari 2001 na baada ya miaka ya mafahamiano yaliyovunjika. Amani ilikuwa na bei yake, tukailipa kwa nafasi za uteuzi.

Kuandikwa peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Chama kilichokuwa cha pili kiliposusia uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, kiti cha Makamu wa Kwanza kilibaki kitupu hadi Disemba 2020, alipoapishwa tena Maalim Seif Sharif Hamad. Katiba ilikitenga kile kiti, lakini haikuweza kumlazimisha mtu kukikalia.

Sasa tuje kwa wanawake, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu jambo hili lina utaratibu ambao wengi hawautazami. Rais wa Zanzibar hamchukui waziri barabarani. Katiba inamtaka ateue mawaziri kutoka miongoni mwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Baraza lina wajumbe 50 wa majimbo. Wanawake wa Viti Maalumu ni asilimia 40 ya idadi ya majimbo, yaani 20. Na Rais mwenyewe anateua wajumbe 10. Kwa hiyo swali la nani atakuwa waziri huwa limejibiwa nusu yake siku vyama vinapopitisha wagombea wa majimbo. Majimbo yakijaa wanaume, kama ambavyo yamekuwa yakijaa, Rais anabaki na milango miwili tu ya kumpata waziri mwanamke kwa idadi yenye maana: Viti Maalumu na zile nafasi zake 10. Anayetaka kuvifuta viti hivyo leo, aseme pia mawaziri wanawake watapitia wapi.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao hapa hapa. Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa Viti Maalumu, na kutoka hapo akateuliwa waziri katika serikali ya Rais Amani Abeid Karume. Miaka 10 baadaye aligombea ubunge wa jimbo la Makunduchi akashinda. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais wa Muungano, na bila ya ile kanuni ya pande mbili turufu isingekuwa upande wa Mzanzibari. Tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Juu ya utawala wake kila mmoja ana hukumu yake, na leo siyo siku ya kuitoa. Ninalolitazama ni njia aliyopitia. Milango miwili iliyotengwa makusudi, mmoja kwa wanawake na mmoja kwa Wazanzibari, ilimfikisha mahali ambapo sifa zake zingeweza kuonekana. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Hata hivyo, mfano mmoja usitulevye. Wapo wanawake walioingia kwa Viti Maalumu wakabaki humo muhula hadi muhula, bila ya kwenda jimboni, na vyama vimejifunza kuvitumia viti hivyo kama udhuru: mwanamke akiomba jimbo, huambiwa kwa upole kwamba nafasi zenu zipo, msubiri. Kiti kilichotengwa ili kumpitisha mtu kimekuwa chumba cha kumhifadhi. Aidha, anayepata kiti kwa uteuzi wa chama huangalia zaidi uso wa chama kuliko uso wa mwananchi, na hilo si kosa la jinsia yake, ni kosa la namna kiti kinavyopatikana. Na Zanzibar, pamoja na yote hayo, haijapata Rais mwanamke.

Nije sasa kwenye upendeleo usioandikwa, na niko Pemba, kwa hiyo mnajua ninakwenda wapi. Pemba ilihesabiwa watu 543,441 katika sensa ya 2022, zaidi kidogo ya robo ya Wazanzibari wote, na ina majimbo 18 kati ya 50. Mimi sijakutana na kifungu cha katiba kinachosema kuwa makatibu wakuu kadhaa, au wakurugenzi kadhaa, au wajumbe wa bodi kadhaa watoke kisiwa hiki. Lakini kila aliyewahi kuandaa majina ya uteuzi anajua kwamba mwisho wa kikao lazima atatokea mtu atakayeuliza, "Na Pemba jee?" Swali hilo huulizwa mwisho, baada ya majina kupangwa, na jawabu lake hutafutwa haraka haraka.

Matokeo yake tunayaona. Mpemba akiteuliwa, Muunguja hunong'ona kuwa kawekwa kwa ajili ya mizani. Asipoteuliwa, Mpemba hunong'ona kuwa kabaguliwa. Wote wawili huenda wakawa wamekosea, na hakuna kati yao anayeweza kuthibitisha, maana kanuni isiyoandikwa haina wa kuitetea wala wa kuishitaki. Dk. Ali Mohamed Shein alipokuwa Rais, mwaka 2010 hadi 2020, wa kwanza kutoka kisiwa hiki, wapo waliosema hoja ya Pemba sasa imefungwa. Haikufungwa. Rais mmoja hajibu swali la safu nzima ya watendaji walio chini yake.

Tena kuna jambo ambalo kwa mtazamo wangu ni zito zaidi kuliko hesabu ya majina. Wizara zetu zina ofisi zao hapa Pemba, na kila ofisi inaongozwa na Afisa Mdhamini. Ni cheo cha heshima na chenye kazi nyingi. Lakini nimeona mara nyingi mno kwamba mtumishi hodari wa Pemba akishakuwa Afisa Mdhamini, wakubwa huhesabu kuwa ameshafika, na miaka yake iliyobaki hupita kati ya Gombani na bandarini Mkoani. Ujuzi wa kuandaa sera, wa kukaa na watu wa fedha, wa kujibu maswali ya Kamati za Baraza, hupatikana zaidi katika makao makuu ya wizara kule Unguja. Kisha inapotafutwa nafasi ya Katibu Mkuu, tunasema kwa uaminifu kabisa kwamba hatukumpata Mpemba mwenye uzoefu. Kweli hatukumpata. Sisi wenyewe ndio tuliomweka mahali ambapo uzoefu huo haupiti.

Nimekaa katika kamati za usaili kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na kisa kimoja nitakitaja bila ya kuitaja taasisi. Tulikuwa tunatafuta mkuu wa taasisi, tukasaili, tukatoa alama, na mwanamke mmoja akashika nafasi ya pili kwa tofauti ndogo sana nyuma ya mwanamme wa kwanza. Kikao kilipokaribia kumalizika ukaja ujumbe wa mdomo kwamba "hapo awekwe mwanamke". Akawekwa. Kazi aliiweza, tena vizuri. Lakini habari ya ujumbe ule ilivuja siku ile ile, na tangu hapo kila alipomkemea mvivu au kukataa kusaini malipo yasiyo na risiti, aliambiwa nyuma ya mgongo kuwa yeye ni wa kujazia. Laiti tangazo la kazi lingesema tangu mwanzo kwamba wawili wanaokaribiana alama, atapewa kipaumbele yule wa jinsia isiyokuwa na mtu katika safu ile ya uongozi, angeingia ofisini akiwa na karatasi mkononi. Aliyemdhulumu mama yule si aliyempendelea, bali ni aliyempendelea kwa siri.

Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu, na sitaki kuifanya nyepesi. Wanasema: kazi ya umma ni amana, na amana apewe anayeiweza, mgonjwa hamuulizi daktari kisiwa alichozaliwa. Ni kweli. Kwa kazi zenye kipimo kimoja kilicho wazi, kama upasuaji au urubani wa meli inayovuka mkondo wa Nungwi, mimi mwenyewe sitaki kusikia habari ya mizani. Lakini uongozi wa juu si kazi ya kipimo kimoja. Mjumbe wa bodi analetwa ili aamue mambo ambayo watu wenye akili wanatofautiana, na katika kuamua huko anachokijua kwa kukiishi ni sehemu ya sifa zake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Chukueni mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara hapa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Paje na Jambiani, kikaenea hadi Pemba, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Bahari ilipoanza kuchemka na mwani kufa katika maji ya kina kifupi, ushauri wa wataalamu ulikuwa kuhamia maji ya kina kirefu. Ushauri sahihi kwa mwani, mgumu kwa mkulima, kwa sababu maji ya kina kirefu yanataka chombo na yanataka mtu anayejua kuogelea, na mama wengi wa pwani hawana hiki wala kile. Aliyeishi jambo hilo angeuliza habari ya chombo kabla ya kuuliza habari ya mbegu. Angalieni lakini kwamba sikusema mwanamke yeyote angeuliza. Mwanamke aliyekulia Mji Mkongwe, akasoma nje, na hajawahi kukanyaga tope la pwani, halijui hilo zaidi ya mwanamme wa mjini. Ukihesabu wanawake mezani bila ya kuuliza wanajua nini, utapata picha nzuri ya gazeti na maamuzi yale yale.

Kuna aina moja ya upendeleo ambayo naipinga hata kama itaandikwa kwa wino wa dhahabu, nayo ni ule wa asili na nasaba. Sisi tunayo kumbukumbu yake. Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, lililoanzishwa 1926, lilipanga wajumbe wasio wa serikali kwa mafungu: Waarabu wao, Wahindi wao, Wazungu wao, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo hadi 1946, katika nchi ambayo Waafrika ndio waliokuwa wengi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nia ilikuwa kurekebisha dhulma hiyo, na dhulma ilikuwa ya kweli, lakini tulifika mahali ambapo nafasi za skuli za sekondari ziligawiwa kwa mafungu ya asili, na mtoto akahukumiwa kwa jina la babu yake. Visiwani kwetu, ambapo nyumba moja ina Mshirazi, Mngazija, Mmanyema na Mshihiri wanaokula sinia moja, nani atakaa mezani kuwapanga watu hao mafungu, na kwa cheti gani?

Anayedhani naogopa kivuli atazame Bangladesh. Kule asilimia 30 ya ajira za serikali zilitengwa kwa familia za wapigania uhuru wa 1971. Jambo jema lilipoanza. Lakini fungu likarithiwa na watoto, kisha na wajukuu, na kijana asiyekuwa na babu shujaa akaona mlango umefungwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2018 fungu lilifutwa, mwaka 2024 mahakama ikalirejesha, wanafunzi wakaingia barabarani, damu ikamwagika, Mahakama ya Juu ikalipunguza hadi asilimia 5, lakini ilikuwa imechelewa. Tarehe 5 Agosti 2024 Waziri Mkuu Sheikh Hasina aliikimbia nchi. Na Bosnia, ambako mkataba wa 1995 ulitenga urais wa watu watatu kwa Mbosniaki, Mkroati na Mserbia, raia wawili, mmoja Mroma na mmoja Myahudi, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa sababu katiba yao haikuwaruhusu hata kugombea. Walishinda 2009. Mgao ulioleta amani ulikuwa umewageuza wageni katika nchi yao.

Nigeria ipo karibu zaidi na hali yetu. Katiba yao ya 1999 inamtaka Rais awe na waziri mmoja angalau kutoka kila jimbo, na majimbo ni 36. Imesaidia kuifunga nchi kubwa isipasuke. Imeleta pia mabaraza makubwa ya mawaziri na mabishano yasiyokwisha juu ya nani ni mzaliwa wa wapi. Afrika Kusini walichagua njia ambayo mimi naipenda zaidi: katiba yao haitengi viti vya ujaji, bali inasema kwamba haja ya mahakama kufanana na sura ya nchi, kwa rangi na kwa jinsia, lazima izingatiwe majaji wanapoteuliwa. Waingereza nao, katika Sheria ya Usawa ya 2010, wameruhusu mwajiri kumchukua aliye katika kundi lenye uchache pale wawili wanapolingana sifa. Kenya waliandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, wakashindwa kuitekeleza kanuni hiyo Bungeni, hadi Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais mwaka 2020 alivunje Bunge, na halikuvunjwa.

Basi nini kifanyike kwetu? Mimi nisingependa tuongeze idadi ya viti vilivyotengwa katika ngazi ya juu kabisa. Ningependa upendeleo uteremke ngazi mbili chini, kwa wakurugenzi na manaibu wao, huko ndiko uzoefu unakopatikana. Afisa wa Pemba apelekwe makao makuu ya wizara kwa zamu inayojulikana, na wa Unguja aletwe huku, kama sehemu ya kupanda daraja na siyo kama adhabu, maana wote tunajua uhamisho wa Pemba umekuwa ukitumiwa kama adhabu. Usaili wa nafasi za juu ufanyike pia Chake Chake; kijana wa Micheweni anayelazimika kulipa nauli ya boti na kutafuta pa kulala mjini ili asailiwe nusu saa, ameshatozwa kodi ambayo mwenzake wa Kikwajuni hakutozwa. Na ofisi inayotangaza nafasi huku ngazi zake hazipitiki kwa kiti cha magurudumu, isiseme kuwa watu wenye ulemavu hawakuomba.

Juu ya hilo, sifa za kila nafasi ya uteuzi zitangazwe kabla ya majina kutajwa, na kama mizani ya kisiwa, jinsia au ulemavu ni miongoni mwa mambo yatakayotazamwa, iandikwe humo humo, pamoja na uzito wake. Jina likishatangazwa, sababu zitolewe kwa kurasa mbili. Najua nitaambiwa kuwa mamlaka ya uteuzi ni ya Rais na Rais hahojiwi. Kutoa sababu hakumpunguzii Rais mamlaka. Kunamkinga yeye na aliowateua. Mwenye sababu nzuri haoni tabu kuziandika, na aliyeshindwa kuziandika huenda ameliona tatizo kabla yetu.

Na kila nafasi iliyotengwa iwekewe muda wa kupitiwa upya. Mkataba wa 1979 wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985, wenyewe unasema kuwa hatua hizi maalumu ni za muda na zikome lengo likifikiwa. Napendekeza kila baada ya chaguzi mbili Baraza lipokee taarifa: ni wangapi walioingia kwa nafasi zilizotengwa wakaenda kugombea majimbo, ni wangapi walioteuliwa wakapanda, ni wangapi waliokwama. Taarifa hiyo ikionesha kwamba wanawake wanashinda majimbo kwa wingi, viti vipunguzwe bila ya kinyongo. Ikionesha kinyume chake, vibaki, lakini masharti yake yabadilishwe, kwa mfano kwamba mtu asikae Viti Maalumu zaidi ya mihula miwili.

Najua sharti hilo la mihula miwili lina wapinzani humu ukumbini, tena baadhi yao ni dada zangu ninaowaheshimu, waliotumikia zaidi ya hapo na wakatumikia vyema. Meza kuu imenionesha kuwa muda bado upo, kwa hiyo naomba waanze wao kuuliza.